Kuporomoka kwa wimbi na tafsiri za fizikia ya kwanta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayezijua elektroni na fotoni kwa kiwango cha sekondari, lakini anachanganyikiwa kila akikutana na video inayodai kwamba kitu hakipo mpaka ukitazame. Hisabati nimeipunguza kadiri nilivyoweza. Majina na miaka nimeyaweka kwa makusudi, kwa sababu ugomvi huu una historia, na asiyeijua historia hiyo ataona tafsiri zote ni porojo zinazofanana.

Kama hesabu zinakubalika, ugomvi unahusu nini?

Hesabu hazina mgogoro. Wanafizikia wawili wanaopinzana vikali kuhusu tafsiri wakipewa atomu ileile watakokotoa majibu yaleyale, na majaribio yatawaunga mkono wote wawili. Transista zilizomo ndani ya simu yako, leza, mashine za MRI, vyote vinategemea hesabu hizo.

Mgogoro uko kwenye hatua moja: kipimo. Nadharia ina kanuni mbili zinazoeleza jinsi mfumo unavyobadilika. Ya kwanza ni mlinganyo alioutoa Erwin Schrödinger mwaka 1926. Huo hubadilisha wimbi, yaani hesabu inayoeleza hali ya mfumo, taratibu, bila kuruka na bila kubahatisha. Ya pili hutumika pale kipimo kinapofanyika: wimbi linaporomoka ghafla, linabaki jibu moja, na jibu lipi litokee ni suala la uwezekano. John von Neumann alizitenganisha kanuni hizi waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1932.

Kisichokubaliwa na wote hadi leo ni lini kanuni ya kwanza inakoma na ya pili inaanza. Kihisi cha maabara nacho kimeundwa kwa atomu. Kwa nini chenyewe kisifuate kanuni ya kwanza tu, kama atomu inayopimwa? Kila tafsiri utakayoisikia ni jaribio la kujibu swali hilo.

Fankisheni ya wimbi ni nini?

Ni jina kamili la lile wimbi nililolitaja, na huandikwa kwa herufi ya Kigiriki ψ. Ukiwa nayo unaweza kukokotoa uwezekano wa kila jibu la kipimo: chukua ukubwa wa ψ, uupandishe kwa kipeo cha pili, basi. Kanuni hiyo ni ya Max Born, naye aliitoa mwaka 1926 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1954.

Kama ψ ni kitu kilichopo au ni kumbukumbu ya tunayoyajua, hapo ndipo watu wanapogawanyika. Jambo moja linafaa kukumbukwa kabla ya kuchagua upande. Wimbi la chembe moja unaweza kulichora katika nafasi tunayoishi, yenye pande tatu. La chembe mbili linahitaji pande sita, na la chembe kumi linahitaji thelathini. Anayesema wimbi ni kitu halisi ana deni la kueleza kitu hicho kinakaa wapi.

Kuna mfano wa kuporomoka ninaoweza kuushika mkononi?

Upo, na gharama yake ni ndogo. Tafuta vichujio vitatu vya polaroidi, vile vinavyopitisha mwanga unaotikisika kwa mwelekeo mmoja tu. Lenzi za miwani ya jua ya polaroidi zinafaa. Kishike kimoja mbele ya taa, kisha weka cha pili nyuma yake na ukizungushe mpaka kiwe kimepishana na cha kwanza kwa nyuzi 90. Panakuwa giza. Sasa chomeka cha tatu katikati yao, kikiwa kimeelekea mshazari wa nyuzi 45. Umeongeza kizuizi, na bado mwanga unarudi.

Fotoni iliyovuka kichujio cha kwanza ina mwelekeo wa mtikisiko ulio wima. Ikifika kwenye kile cha nyuzi 45 haina jibu lililo tayari: uwezekano wa kuvuka ni nusu. Ikivuka, ule wima umekwisha. Sasa ni fotoni ya nyuzi 45 kamili, kana kwamba haijawahi kuwa kitu kingine. Mbele ya kichujio cha mwisho, cha mlalo, uwezekano wake tena ni nusu. Kwa hiyo robo ya fotoni zilizovuka kichujio cha kwanza zinatokeza upande wa pili, ambako mwanzo hazikuwa zikitokeza kabisa. Kuporomoka hufundishwa hivyohivyo: kipimo kinatoa jibu, kisha kinauacha mfumo katika hali inayolingana na jibu hilo.

Niseme wazi kwamba mwanga mwingi wa taa unaweza kuelezwa pia kwa mawimbi ya kawaida ya umeme na sumaku, bila kwanta. Ugeni unaingia mwanga unapopunguzwa hadi fotoni mojamoja. Fotoni haikatwi vipande. Inavuka nzima au inapotea nzima, na ile robo inabaki palepale.

Je, wimbi huporomoka kwa sababu binadamu ametazama?

Hapana. Upotoshaji mwingi unaanzia hapa, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake wa Hitachi, Japani, walichapisha jaribio ambalo elektroni zilipitishwa mojamoja katika kifaa chenye njia mbili. Kila elektroni iliacha nukta moja. Nukta za mwanzo zilionekana zimetapakaa ovyo, lakini zilipofika maelfu, mistari ikajitokeza: kwingine nukta zimejaa, kwingine hakuna kitu, alama ya mawimbi mawili yaliyokutana. Ukiweka chochote kinachorekodi elektroni imepita njia ipi, mistari hiyo hutoweka. Vitabu vingi huita kurekodi huko "kutazama", na msomaji hubaki akidhani macho ya mtu ndiyo yaliyofanya kazi.

Sasa angalia jaribio la Vienna la mwaka 2004, la kundi la Anton Zeilinger na Markus Arndt. Walipitisha molekuli kubwa za kaboni, C70, katika kifaa kinachoonyesha mistari ya aina hiyo, lakini kwanza walizipasha moto kwa leza. Molekuli yenye joto kali hutoa fotoni yenyewe, na kila fotoni inayotoka huondoka na habari za mahali ilipotoka. Kadiri joto lilivyopanda ndivyo mistari ilivyofifia, hadi ikapotea. Fotoni hizo hakuna aliyezikusanya. Hakuna aliyezisoma. Ziliondoka kwenye molekuli zikaishia huko zilikoishia, na mistari ikafa. Kilichotosha ni habari kuvuja, pawe na mwenye macho au pasiwe naye.

Ni kweli kwamba Eugene Wigner, ambaye baadaye alipata Nobel, aliandika mwaka 1961 kwamba fahamu ya mtu ndiyo inayokamilisha kipimo. Wazo hilo alikuja kuliacha mwenyewe, akishawishiwa na kazi za wanafizikia wa kizazi kilichofuata kuhusu jinsi mazingira yanavyoingilia mfumo. Ukimtaja Wigner wa 1961, mtaje na wa baadaye.

Na yule paka wa Schrödinger?

Schrödinger alimleta paka huyo mwaka 1935 ili kupinga, na watu wengi humnukuu kana kwamba alikuwa akifundisha. Alieleza sanduku la chuma lenye paka, kiasi kidogo sana cha madini ya mionzi, nyundo na kichupa cha sumu. Ndani ya saa moja atomu moja inaweza kuvunjika, au isivunjike hata moja, kwa uwezekano sawa. Ikivunjika, nyundo inaanguka, kichupa kinapasuka, paka anakufa. Ukiufuata mlinganyo peke yake, baada ya saa moja wimbi lina paka hai na paka mfu kwa pamoja. Schrödinger aliona hilo ni upuuzi, na kwamba kuna kitu kinakosekana katika maelezo ya wenzake. Hilo ni fumbo la karatasini. Halikuwa jaribio la kufanywa kwa paka halisi.

"Paka" wadogo wa maabara wamefanywa, lakini hao si wanyama: mmojawapo ni mwanga. Serge Haroche na wenzake, Paris, mwaka 1996 walitega fotoni chache kati ya vioo, wakaziweka katika hali mbili kwa wakati mmoja, wakashuhudia mchanganyiko huo ukififia. Kadiri hali hizo mbili zilivyotofautiana zaidi, ndivyo ulivyofifia haraka. Haroche alipata Nobel ya 2012 pamoja na David Wineland.

Kwa hiyo dikoherensi imeshamaliza tatizo?

Imetatua nusu, na nusu hiyo ni kubwa. Dikoherensi ni kule kufungamana kwa mfumo na mazingira yake (hali zao zinaunganika, huwezi kuueleza mmoja bila mwingine): hewa, joto, mwanga, kuta. Dieter Zeh aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1970, na Wojciech Zurek akaliendeleza miaka ya mwanzoni mwa 1980. Sasa tunajua kwa nini hatuoni meza ikiwa mahali pawili: molekuli za hewa zinaigonga bila kukoma, na kila mgongano unabeba habari ya mahali ilipo.

Nusu iliyobaki ni hii. Dikoherensi inaondoa mwingiliano wa kimawimbi (ule unaochora mistari) kati ya "hai" na "mfu", lakini haifuti mojawapo. Majibu yote mawili yanabaki ndani ya hesabu, kila moja na uwezekano wake. Sisi tunaona moja. Kwa nini hili na si lile? Dikoherensi hainyamazishi swali hilo, na anayeiuza kama suluhisho kamili anapunja wasomaji wake.

Tafsiri ya Copenhagen inasema nini hasa?

Inategemea unamsoma nani. Niels Bohr na Werner Heisenberg hawakuandika tamko moja la pamoja, na hawakukubaliana katika kila kitu. Bohr alisisitiza kwamba vifaa vya kipimo lazima vielezwe kwa lugha ya kawaida, na kwamba haina maana kuuliza elektroni ina sifa gani nje ya jaribio fulani. Kwa kazi ya kila siku maabara, msimamo huo unatosha. Udhaifu wake ni kwamba mpaka kati ya kifaa na kinachopimwa unachorwa na mtu, na nadharia yenyewe haisemi uchorwe wapi.

Ulimwengu mwingi wa Everett: ni sayansi au ni hadithi?

Ni sayansi, na kwa maoni yangu ndiyo tafsiri inayouchukulia mlinganyo wa Schrödinger kwa uzito kuliko zote. Hugh Everett wa tatu aliiandika kama tasnifu ya udaktari chini ya John Wheeler huko Princeton, ikachapishwa mwaka 1957. Hoja yake ni fupi: futa kanuni ya pili. Hakuna kuporomoka. Kihisi, mpimaji na chumba chote vinafuata mlinganyo uleule, kwa hiyo baada ya kipimo wimbi lina matawi, na katika kila tawi yumo mpimaji aliyeona jibu mojawapo. Walimwengu hao hawakuongezwa na Everett. Wamo ndani ya hesabu tangu mwanzo, na kuporomoka ndiko kulikokuwa kukiwaondoa kwa amri.

Bohr hakushawishika. Everett alikwenda Copenhagen mwaka 1959, mazungumzo hayakuzaa kitu, naye alikuwa ameshaondoka chuoni na kufanya kazi ya utafiti wa kijeshi Marekani. Bryce DeWitt ndiye aliyeifufua nadharia hiyo mwaka 1970 kwa makala iliyosomwa sana. Everett alifariki mwaka 1982 akiwa na miaka 51.

Tatizo lake kubwa halitokani na wingi wa walimwengu. Linatokana na uwezekano. Ikiwa kila jibu linatokea, ina maana gani kusema jibu hili lina asilimia 90 na lile 10? David Deutsch na David Wallace wamejaribu kuitoa kanuni ya Born kutokana na jinsi mtu mwenye busara anavyopaswa kufanya maamuzi ndani ya matawi. Nimezisoma hoja hizo, na bado naona zinakopa kidogo kutoka kwenye kile zinachotaka kuthibitisha. Wapo wanaoziona zimetosha.

Tafsiri ya Bohm mbona haifundishwi?

Inastahili kufundishwa. Louis de Broglie aliileta sura yake ya kwanza mwaka 1927 kwenye mkutano wa Solvay, Brussels, kisha akaiacha kwa miaka mingi. David Bohm aliigundua upya na kuikamilisha mwaka 1952. Katika tafsiri hii elektroni ni chembe yenye mahali pake wakati wote, na wimbi huiongoza. Katika lile jaribio la njia mbili, chembe inapita njia moja, wimbi linapita zote mbili. Hakuna kuporomoka wala bahati nasibu ya kweli. Hatujui mahali chembe ilipoanzia, ndiyo maana tunazungumza kwa uwezekano.

Kilichoizuia kwa muda mrefu ni mambo mawili. Von Neumann alikuwa ametoa uthibitisho, mwaka 1932, uliochukuliwa kwamba nadharia za aina hii haziwezekani. Mwanahisabati na mwanafalsafa wa Ujerumani, Grete Hermann, alionyesha mwaka 1935 kwamba uthibitisho huo unategemea dhana isiyo na msingi. Hakusikilizwa. John Bell alilisema jambo lilelile mwaka 1966, na hapo ndipo watu wakaamka. Miaka 31 ilipotea, na jina la Hermann bado halitajwi inavyostahili. Jambo la pili ni siasa: Bohm alikataa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, Princeton haikumwongezea mkataba, akahamia São Paulo, Brazili. Makala zake zilitoka yeye akiwa huko.

Gharama ya tafsiri hii ni kwamba chembe moja inaathiriwa papo hapo na iliyo mbali. Swali linalofuata linaonyesha kwa nini gharama hiyo si rahisi kuikwepa.

Chembe zilizofungamana: si kama jozi ya viatu tu?

Hivyo ndivyo mtu anavyofikiri kwanza. Fungasha kiatu kimoja kipelekwe Mwanza na mwenzake Mombasa. Aliyeko Mwanza akifungua na kukuta cha kushoto, anajua papo hapo cha Mombasa ni cha kulia. Hakuna muujiza, maana jibu lilikuwa ndani ya boksi tangu mwanzo. Albert Einstein, Boris Podolsky na Nathan Rosen walitoa hoja ya namna hii mwaka 1935: kama kipimo cha huku hakiwezi kugusa cha kule, basi majibu yalikuwemo tayari na nadharia ya kwanta haijakamilika.

Bell, mtu wa Belfast aliyekuwa akifanya kazi CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva, alionyesha mwaka 1964 kwamba hoja hiyo inapimika. Katika umbo linalotumiwa zaidi, kila upande unachagua kati ya vipimo viwili, na ulinganifu wa majibu unajumlishwa kupata namba moja, S. Ikiwa majibu yalikuwa ndani ya boksi na hakuna upande unaouathiri mwingine, S haiwezi kuzidi 2. Nadharia ya kwanta inaruhusu hadi 2.83.

Stuart Freedman na John Clauser walipima mwaka 1972, Alain Aspect mwaka 1982 karibu na Paris. Kila mara mpaka ulivukwa, na kila mara palibaki upenyo mdogo wa kubishia. Mwaka 2015 kundi la Delft, Uholanzi, lilifungamanisha elektroni zilizo ndani ya almasi mbili zilizotenganishwa kwa kilomita 1.3, umbali ambao hata mwanga usingewahi kupeleka habari kabla kipimo hakijaisha. Walipata S = 2.42. Clauser, Aspect na Zeilinger walipewa Nobel mwaka 2022.

Kwa hiyo tafsiri yoyote lazima iache kitu: ama iache wazo kwamba athari haivuki mbali papo hapo, kama Bohm, ama iache wazo kwamba kipimo kina jibu moja, kama Everett, ama iache kusema lolote kuhusu kilichokuwepo kabla ya kipimo.

Basi naweza kutuma ujumbe kasi kuliko mwanga?

Huwezi. Kila upande ukiangalia majibu yake peke yake huona bahati nasibu tupu. Ulinganifu unaonekana majibu yakikutanishwa, na kuyakutanisha kunahitaji mawasiliano ya kawaida.

Kuna tafsiri zinazosema kuporomoka ni tukio halisi?

Zipo, na kusema kweli hizo ni nadharia nyingine, kwa sababu zinaubadilisha mlinganyo. GianCarlo Ghirardi, Alberto Rimini na Tullio Weber walipendekeza mwaka 1986 kwamba kila chembe huporomoka yenyewe, bila kuchokozwa, kwa wastani mara moja katika miaka milioni 300 hivi. Kwa elektroni moja hutaliona hilo kamwe. Lakini gramu moja ya kitu chochote ina protoni na nyutroni nyingi mno kiasi kwamba matukio yanafika makumi ya mamilioni kila sekunde, na yakitokea kwa chembe moja zilizofungamana nayo zinafuata. Paka anapata jibu mara moja. Lajos Diósi na Roger Penrose, kila mmoja kwa njia yake, walihusisha kuporomoka na nguvu ya mvutano (graviti).

Na QBism, na tafsiri ya mahusiano?

Kwa ufupi: QBism, ya Christopher Fuchs na wenzake, inasema ψ ni matarajio ya mtu fulani kuhusu atakayoyapata, na kuporomoka ni mtu huyo kurekebisha matarajio yake. Carlo Rovelli, mwaka 1996, alisema sifa za kitu zipo kwa kuhusiana na kitu kingine tu. Zote mbili zinaepuka fumbo la paka kwa bei ya kuacha simulizi moja ya dunia inayowafaa wote.

Nimeambiwa mashine ya "kwanta" inapima figo na ini kwa kushika tu kiganja. Ni kweli?

Usilipe. Hakuna chochote katika nadharia niliyoieleza hapa kinachowezesha kifaa cha mezani kusoma hali ya figo zako kupitia kiganja. Kifaa cha kweli kinachotumia kwanta kuona ndani ya mwili ni MRI: kinasoma spini (usumaku mdogo wa asili) za protoni za maji ya mwili, na ili kifanye hivyo kinahitaji sumaku ya tesla 1.5 au 3, yenye nguvu makumi ya maelfu ya mara kuliko sumaku ya dunia. Kwa maumivu ya figo nenda hospitali ukapime mkojo na damu. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu anayeambiwa yuko salama na mashine ya namna hiyo anaweza kuchelewa kutibiwa.

Wanafizikia wenyewe wanafuata ipi?

Hawajakubaliana. Katika kura iliyopigwa na washiriki 33 wa mkutano mmoja Austria mwaka 2011, asilimia 42 walichagua Copenhagen, na Bohm hakupata hata mmoja. Jarida la Nature lilipowauliza watafiti zaidi ya 1,100 mwaka 2025, Copenhagen iliongoza tena kwa asilimia 36, bila kufikia nusu.

Jaribio linaweza kuamua?

Kati ya Everett, Bohm na Copenhagen, kwa majaribio yanayowezekana leo, hapana. Utabiri wao ni uleule. Nadharia za kuporomoka halisi ndizo zinazoweza kukamatwa. Kuporomoka kwa aina hiyo kungetikisa chembe zenye chaji na kuzifanya zitoe mionzi hafifu. Katika maabara ya Gran Sasso, Italia, chini ya mwamba wa mita 1,400, watafiti waliitafuta mionzi hiyo kwa kihisi cha elementi ya germaniamu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2020 yaliliondoa pendekezo la Diósi na Penrose katika sura yake nyepesi kabisa. Sura nyingine bado zimesimama.

Njia ya pili ni kuendelea kuongeza ukubwa. Vienna mwaka 2019 walipata mistari ya mawimbi kwa molekuli zenye hadi atomu 2,000, uzito wake ukizidi mara 25,000 ule wa hidrojeni. Nadharia ya Ghirardi, Rimini na Weber inasema ukizidi kupanda, mistari itapotea hata ukiziba kila upenyo wa hewa na joto. Everett anasema haitapotea kamwe.